Uchambuzi wa kisa: kangaja wa buluu na zile siku sita tulizozilalia

Kisa hiki kimetokea kweli, na mwenye tangi la samaki wa baharini amenipa ruhusa nikieleze ili wengine wajifunze. Jina lake, mahali anapoishi na duka aliponunulia samaki nimeviacha nje, havina faida kwa msomaji. Mi nimo ndani ya kisa kwa sababu ndo nilikuwa nampa ushauri kwa simu, na sehemu moja ya makosa ni yangu, nitaisema ikifika.

Hali ilivyokuwa kabla

Kwa asiyewafahamu, kangaja ni wale samaki bapa wenye kisu kila upande wa shina la mkia, pale panapokuwa pembamba kabla mkia haujatanuka. Kisayansi familia yao ni Acanthuridae, ina spishi zaidi ya 80, na kina puju wenye pembe wamo humo humo. Wengi wao kazi yao baharini ni kuguguna mwani kwenye miamba kutwa nzima, asubuhi mpaka jua linazama, wanatembea wanaguguna wanatembea, kwa hiyo ukimfuga nyumbani jua unafuga mnyama anayehitaji nafasi ya kukimbia, maji yenye hewa nyingi na tumbo lisilokaa tupu.

Tangi lenyewe lilikuwa la lita 450, urefu sentimita 150, limeshakaa miezi 14. Ndani kuna mawe hai (yaani yenye bakteria wa kusafisha maji), matumbawe laini mengi na magumu machache, konokono, kamba wasafishaji wawili, samaki klauni wawili, samaki wadogo waitwao kromisi watano, na kangaja wa njano (Zebrasoma flavescens) wa sentimita 10 hivi ambaye alikuwa na miezi 11 humo ndani na alishajiona mwenye nyumba. Joto nyuzi 26, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na yasiyo na chumvi), amonia na nitriti sifuri, nitrati kama 10. Ukiangalia vipimo hukuwa na la kusema, na jamaa alikuwa mtunzaji mzuri kweli, anabadilisha maji kila wiki, anaosha skima (kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu), hana uvivu.

Tangi la karantini alikuwa nalo pia, la lita 80. Ila lilikuwa stoo, kavu, na sponji ya filta yake kavu kabisa. Hilo lishike, tutalirudia.

Kununua, na kwa nini hakupitisha karantini

Alichokinunua ni Acanthurus leucosternon, yule kangaja wa Bahari ya Hindi mwenye mwili wa buluu ya mbingu, uso mweusi, kidevu cheupe na pezi la mgongoni la njano. Ukimwona kwa macho huwezi kumlaumu mtu aliyeshindwa kujizuia. Lakini ni samaki ambaye kila aliyekaa kwenye hobi hii muda mrefu anajua sifa yake, kwamba akishtuka tu kidogo, vidoti vyeupe, ugonjwa wa kimelea cha ngozi, vinamvaa kabla ya wenzake wote. Na anafika kama sentimita 23 na ni mkimbiaji, kwa hiyo sentimita 150 za kioo kwake ni fupi hata kama angebaki mzima. Hili la ukubwa nilimwambia kabla, akasema atamuhamisha akikua. Karibu wote tunasema hivyo na karibu wote hatuhamishi.

Sasa kwa nini alimtia moja kwa moja kwenye tangi kubwa? Nilimuuliza, na jibu lake halikuwa la kipumbavu. Alisema samaki alikuwa anakula nori (karatasi za mwani mkavu) dukani mbele ya macho yake, hana doti hata moja, mapezi mazima, na tangi la karantini likiwashwa leo na sponji kavu halina bakteria wa kula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwa hiyo alihofia atamuua kwa amonia akijaribu kumwokoa na ugonjwa ambao huenda hana. Akaona bora tangi lililokomaa. Hesabu yake ilikuwa na akili, ila ilikosa njia ya tatu, yaani kumwacha dukani kwa malipo ya awali wiki tatu nne huku sponji inakomaa kwenye tangi la chini la mfumo wake, lile maji yanapopita kuchujwa. Dukani angeweza kununuliwa na mtu mwingine, ni kweli. Basi angenunuliwa.

Siku kwa siku

Siku ya 1 jioni, taa zimezimwa, akamzoesha maji kwa matone kama dakika 45 akamwachia. Dakika kumi hazikuisha, kangaja wa njano akaja. Kwa ambaye hajaona kangaja wakipigana, hawang'atani sana, wanajipanga ubavu kwa ubavu, vichwa vinaangalia pande tofauti, mapezi yamesimama yote, halafu mmoja anachapa mkia pembeni kwa nguvu ili kisu kimpate mwenzake. Asubuhi ya siku ya 2 wa buluu alikuwa na mkwaruzo mweupe ubavuni kama mtu kapitisha kucha.

Jamaa akabandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande mmoja, ili wa njano ahangaike na kivuli chake mwenyewe, na akahamisha mawe matatu kuvuruga mipaka. Ilisaidia. Kufikia siku ya 3 vurugu ilipungua nusu, ingawa wa buluu alikuwa bado anajibanza nyuma ya pampu na hali kwa raha.

Siku ya 4 nikapokea picha. Kwenye mapezi ya kifuani kulikuwa na vichembe vyeupe, nilivihesabu kama 15 hivi, saizi ya chembe ya chumvi. Akaandika, "Kaka, hii ndo yenyewe au mchanga?"

Nikamjibu, na ujumbe ninao mpaka leo, "Inawezekana ndo yenyewe mdogo wangu, ila bado kidogo, ni stresi ya ugomvi. Mlishe vizuri tuangalie siku mbili."

Hilo ndo kosa langu. Nilikuwa najua mzunguko wa kimelea kile, nilishawahi kumweleza mtu mwingine kwa kirefu, na bado nikasema tuangalie.

Siku ya 6 asubuhi vidoti vikawa vimeisha. Vyote. Samaki msafi kama katoka baharini juzi, akaja mbele akala nori kwenye klipu. Jamaa alifurahi sana, akanitumia video ya sekunde 30, akasema kitunguu saumu alichochanganya kwenye chakula kimefanya kazi, na kamba wasafishaji nao alikuwa amewaona wakimpanda. Nikajibu na kidole gumba. Akaenda kununua na ile dawa ya chupa inayouzwa kuwa ni salama kwa matumbawe, akatia kipimo cha kwenye lebo, tukalala wote wawili.

Siku ya 6 mpaka ya 11 kimya. Siku ya 11 usiku aliniambia kromisi wanajisugua kwenye mawe.

Siku ya 12 jioni akapiga simu, hakuandika. Wa buluu alikuwa kama kapakwa unga, kuanzia uso mpaka mkia, macho yana utando, amesimama mbele ya mkondo wa pampu anahema haraka haraka. Nilimwambia ahesabu, mashavu yalikuwa yanafunguka zaidi ya mara 100 kwa dakika. Wa njano alikuwa na vidoti vingi, kromisi wote watano pia, klauni vidoti vichache. Samaki hata mmoja hakusalimika.

Uamuzi wa kuwatoa wote

Tulikuwa na njia kama tatu na usiku mmoja wa kuamua. Ya kwanza kuendelea na dawa za "salama kwa matumbawe" na taa ya UV, hiyo nikaikataa pale pale, kwa sababu kidoti unachokiona kiko chini ya ngozi ya samaki, kimefunikwa, na dawa inayoweza kumgusa kimelea bila kumgusa konokono sijawahi kuiona ikifanya kazi. Taa ya UV inapunguza wale wanaoogelea wanaopita kwenye bomba tu, wengine wanaendelea na safari yao.

Ya pili kushusha chumvi mpaka 1.009 kwenye tangi la pembeni. Ni njia nzuri kwa vidoti vyeupe vya kawaida (Cryptocaryon irritans), ni laini kwa samaki aliyechoka. Lakini kwa picha alizotuma, sikuweza kuapa kwamba hakuna na ule ugonjwa mwingine wa vumbi laini, Amyloodinium, ambao nao unamfanya samaki aheme hivyo hivyo, unaua kwa siku chache tu, na chumvi ya chini hauuogopi. Nikichagua chumvi na kumbe ni ule mwingine, tumewapoteza wote.

Kwa hiyo tukachagua ya tatu, dawa ya shaba, maana shaba inawapiga wote wawili. Na shaba haiingii tangi lenye matumbawe, kamba na konokono, itawaua, kwa hiyo lazima samaki watoke, na lazima watoke wote. Ukimwacha klauni mmoja eti yeye ana vidoti vitatu tu, umemwachia kimelea hoteli, kitaendelea kuzaliana humo na wenzake wakirudi wanakikuta.

Kuwakamata kulichukua siku ya 13 karibu nzima. Ilibidi ashushe maji mpaka theluthi, atoe mawe yote kwenye ndoo zenye maji ya tangi, shemeji yake ameshika tochi na beseni. Kromisi na klauni wakaingia kwenye kimia bila shida. Wa njano ndo akamaliza watu. Alivyoingia kwenye kimia alifungua kisu, kikashika nyuzi, akaanza kujizungusha na kila anavyojizungusha kinashika zaidi, samaki ananing'inia nusu nje ya maji kwa kisu cha mkia wake. Nilikuwa kwenye simu ya video, nikamwambia asivute, tumbukiza kimia chote kwenye beseni la maji, leta mkasi, kata nyuzi kuzunguka kisu. Shemeji ndo aliyekata, akakata mara nne, samaki akaachia. Jamaa akapata mchano kwenye kidole cha shahada, mwembamba lakini mrefu, na uliuma mpaka jioni maana baadhi ya kangaja visu vyao vina sumu kidogo. Wa buluu tulimkamata kwa chombo cha plastiki, unamsogeza taratibu kwenye kona, unakizamisha, anaingia mwenyewe na maji yake. Tungeanza hivyo kwa wote wawili.

Siku 30 zilizogeuka 39

Lita 80 hazikutosha, akaongeza pipa la plastiki la lita 120, akaliunganisha na lile tangi kwa pampu maji yazunguke pamoja. Hakuna mawe wala mchanga ndani, kwa sababu vinanyonya shaba na kipimo kinayumba. Vipande vya bomba vya kujifichia, hita, mawe mawili ya hewa, filta ya sponji kavu ile ile. Dawa ilikuwa ya shaba iliyofungwa (iliyoshikizwa na kemikali nyingine ili isiwe kali), ambayo kipimo chake cha kutibu ni kama miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa kila lita. Hapa watu wengi wanachanganya, maana shaba isiyofungwa inatibu kwenye 0.15 hadi 0.20 tu, ni tofauti ya kama mara kumi, na vipimo vya kupimia navyo ni tofauti, kwa hiyo ukisoma namba ya mwenzako bila kujua ametumia aina gani, unaua samaki au humtibu kabisa. Tulipandisha taratibu kwa siku mbili, siku ya 15 tukafika 2.1.

Kromisi mmoja alikufa siku ya 14. Wa buluu alikufa siku ya 16 alfajiri. Kromisi wa pili siku ya 17. Wa buluu hakuwa amekula tangu siku ya 12 na mashavu yake yalikuwa yamejaa vimelea, sidhani kama kuna kitu pale kingemrudisha, na sitaki msomaji afikirie ni dawa ndo ilimuua, alikuwa ameshaondoka kabla hatujafungua chupa.

Amonia ikaja kama alivyoiogopa tangu mwanzo. Usiku wa siku ya 15 ikasoma 0.5, na kwa maji ya chumvi ya pH 8.2 sehemu kubwa zaidi ya hiyo amonia iko kwenye hali ya sumu kuliko ingekuwa kwenye maji ya mto. Akawa anabadilisha asilimia 40 kila siku, maji mapya yamewekwa shaba kabla ya kuingia. Alitaka kutia ile chupa ya kufunga amonia, nikamkataza, baadhi yake zikikutana na shaba iliyofungwa zinaiachia yote kwa mpigo na samaki wanakufa usiku huo huo. Njia ikawa ndoo tu, na mgongo wake. Siku kumi hivi sponji ikashika.

Siku ya 24, ambayo kwa hesabu ya dawa ilikuwa siku ya 9, alichelewa kutoka kazini, akabadilisha maji haraka, akasahau kuweka shaba kwenye mapya. Asubuhi kipimo kikasoma 1.3. Alijua nitakachosema kwa hiyo akakisema mwenyewe, tunaanza moja. Na ndo hivyo, kwa sababu shaba haimgusi kimelea akiwa kwenye samaki wala akiwa kwenye ganda lake chini, inamuua akiwa anaogelea tu, na dirisha hilo likifunguka usiku mmoja basi hujui nani amepita. Tukarudisha kipimo, tukahesabu 30 upya, tukamaliza siku ya 54.

Chakula kipindi chote hiki kilikuwa nori mara tatu kwa siku na kamba waliosagwa kidogo, na wa njano akala kuanzia siku ya tatu ya dawa. Nilimsisitizia hili la mara tatu. Utumbo wa kangaja ni karakana ya bakteria wanaomsaidia kuvunja mwani, wengine wakubwa ajabu, kuna mmoja anaitwa Epulopiscium aliyepatikana kwenye utumbo wa kangaja wa Bahari ya Shamu anafika zaidi ya nusu milimita, yaani bakteria unayeweza kumwona kwa jicho tupu. Samaki aliyejengwa hivyo ukimlisha mara moja jioni unamchosha hata akiwa mzima, sembuse mgonjwa.

Tangi kubwa likiwa tupu

Mawe yalirudishwa siku ile ile ya 13, na tangi likakaa bila samaki siku 76. Namba hiyo haikutoka hewani, muda mrefu zaidi uliowahi kuandikwa wa ganda la Cryptocaryon kukaa chini kabla ya kupasuka ni siku 72, na watu wakaongeza kidogo. Wengi sana hupasuka ndani ya mwezi, na wapo wanaorudisha samaki baada ya siku 45 wakafaulu. Jamaa alitaka kuwarudisha siku ya 55, dawa ilipoisha, alisema tangi tupu linamuumiza roho kila akipita sebuleni. Tulibishana kidogo. Nikamwambia umeshalipa kwa samaki watatu, wiki tano zilizobaki ni subira tu. Akakubali. Kipindi hicho alikuwa anatia chakula kidogo mara mbili kwa wiki kamba wasife njaa na bakteria wapate kitu, na ikawa miezi miwili ambayo matumbawe yalistawi kuliko wakati wowote.

Kitu kimoja kilitokea katikati. Dawa ilipoisha aliweka mkaa wa filta kwenye tangi la hospitali ili unyonye shaba iliyobaki, sawa kabisa, ila hakuuosha, vumbi jeusi likaonekana wazi kwenye maji. Baada ya wiki mbili wa njano akaanza kuwa na vishimo vidogo usoni na kwenye mstari wa ubavu. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2011 walilofanya kwa kangaja wa Atlantiki (Acanthurus bahianus) lililoonyesha mkaa wa aina fulani unasababisha vidonda vya aina hiyo hiyo. Tukatoa mkaa, tukabadilisha maji, nori ikaongezwa na vitamini. Vilijaa polepole, kimoja karibu na jicho bado kinaonekana.

Matokeo

Siku ya 89 wakarudi klauni wawili, kromisi watatu na wa njano. Waliokufa ni watatu, wa buluu na kromisi wawili. Vidoti havijarudi mpaka naandika hapa, imepita miezi minane. Hakupoteza tumbawe hata moja.

Uchambuzi

Nianze na zile siku sita, maana mengine yote yanatoka hapo.

Kidoti cheupe ni kimelea kinachokula, kiko ndani ya ngozi, anakaa siku 3 mpaka 7 anashiba, halafu anadondoka. Hadondoki kwa sababu amepigwa. Anadondoka kwa sababu amemaliza. Anashuka chini kwenye mchanga na mawe, anajifunga ganda, anajigawa humo ndani mara nyingi, na ganda likipasuka wanatoka watoto mpaka 200 na zaidi, na wanatoka hasa gizani, saa ambazo samaki wamelala wametulia jirani na mawe yale yale. Mtoto huyo ana kama siku moja au mbili tu za kumpata samaki, na nguvu zake za kuvamia zinaisha ndani ya masaa machache. Sasa chukua vidoti 15 nilivyovihesabu mimi kwenye ile picha, na sidhani kama niliviona vyote, zidisha kwa 200. Ni 3,000, kwenye kioo cha sentimita 150 ambapo samaki hana pa kukimbilia. Baharini hao 3,000 wangetawanyika, wengi wasingempata mtu. Hii ndo tofauti kubwa ya tangi na bahari na ndo inayofanya ugonjwa ambao kule ni mdogo uwe mauti huku ndani.

Kwa hiyo ile asubuhi ya siku ya 6, samaki msafi anakula mbele ya kioo, ndo ilikuwa asubuhi ya hatari kuliko zote, na ndo asubuhi pekee ambayo hakuna mtu aliyekuwa na wasiwasi. Kilichotupoteza ni kwamba macho yanaona ngozi ya samaki, hayaoni mchanga. Na kila kitu kilichokuwepo kabla ya hapo, kitunguu saumu na kamba, kilionekana kimefanya kazi kwa sababu kilikutana na ratiba ya kimelea mwenyewe. Naamini kabisa hii ndo sababu dawa hizi zinaendelea kusifiwa, mtu anatia siku ya 4, vidoti vinadondoka siku ya 6, anaenda kuwaambia wenzake.

Tungewatoa siku ya 4 au hata ya 6, wa buluu angekuwa na mashavu mazima na tumbo lenye chakula wakati anaanza shaba. Siwezi kuahidi angepona, ni samaki mgumu. Lakini kromisi wawili nina uhakika wangekuwa hai, siku ya 6 hawakuwa na kitu. Mi nilipoona vidoti 15 nilipaswa kusema toa samaki wote leo, na sikusema kwa sababu nilijua kutoa samaki ni kubomoa tangi la mtu, nikamwonea huruma. Siku ya 13 tangi lilibomolewa vile vile.

Karantini sasa. Watu wanabishana kama kangaja wanaumia zaidi kwenye tangi dogo la karantini, na ni kweli hawapendi kubanwa. Ila kosa la jamaa halikuwa kukataa karantini, lilikuwa kuwa na karantini isiyoweza kuwashwa. Sponji moja ya filta ikikaa muda wote kwenye tangi la chini, imejaa bakteria, inakupa tangi tayari kwa dakika 20. Hiyo sponji ndo ingebadilisha uamuzi wake pale dukani, na ndo ingemwondolea zile siku kumi za kubeba ndoo. Kifaa chenyewe alikuwa nacho tayari.

Ugomvi wa kangaja wawili nao ulichangia, stresi inamshusha kinga, na wote wawili walikuwa samaki wapana wa mwani, wanaona wenzao wa umbo hilo kama wapinzani wa malisho. Kioo cha kujitazamia kilisaidia, ila samaki mpya angeanzia ndani ya sanduku lenye matundu humo humo tangini siku kadhaa, waonane bila kugusana, pengine ule mkwaruzo usingekuwepo. Uchaguzi wa spishi sitaurefusha, wa buluu hakufaa kwenye tangi lile kwa ukubwa wala kwa tabia.

Kilichoenda vizuri ni kuwatoa wote bila kubakiza, kuchagua dawa kwa kufikiria ugonjwa mbaya zaidi unaoweza kuwemo, na jamaa kukubali kuanza hesabu moja siku ya 24 bila kujificha. Angenyamaza nisingejua. Tungewarudisha na tungekuwa tunaandika kisa kingine.

Miezi mitatu baada ya hapo alileta kangaja mwingine, Ctenochaetus tominiensis, hawa hawapiti sana sentimita 16 na wanakwangua utando wa mwani kwenye kioo na mawe kwa meno laini kama brashi. Alikaa karantini wiki tano kwenye lita 120 na sponji iliyotoka tangi la chini ikiwa inachuruzika maji, halafu siku sita kwenye sanduku lenye matundu. Wa njano alichapa mkia kwenye plastiki siku mbili za kwanza, siku ya tatu akawa anapita tu. Sponji ilirudi tangi la chini jioni ile ile sanduku lilipofunguliwa, alinitumia picha yake kabla hata ya kunitumia ya samaki.